Rada Haioni Nyuma ya Mlima

Kapteni ana desturi ambayo wakufunzi vijana huicheka pembeni: mwanafunzi wake wa urubani haendi Same kwa ndege kabla hajaenda Same kwa gari. Humpa ramani ya karatasi, penseli na rula, akamketisha kiti cha mbele cha Land Cruiser iliyochoka, kisha safari ikaanzia Moshi kushuka kusini-mashariki: Himo, Kifaru, Mwanga, Lembeni, Same, na kutoka Same kupanda milima ya Upare wa Kusini. Kila baada ya mwendo kidogo gari linasimama na swali linatoka. "Ukiwa futi elfu tatu juu ya hapa, mkono wa kushoto unaona nini?" Mwanafunzi akichungulia simu kabla ya kujibu, anateremshwa na kutembea kwa miguu mpaka jibu limjie.

Safari niliyodandia mimi ilikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja kijana wa Temeke, mwepesi wa hesabu kupita kiasi, anayekokotoa mafuta na muda kichwani huku anamenya chungwa. Mwingine binti aliyezaliwa Ugweno, Upare wa Kaskazini, ambaye kila kijiji tulichopita alikuwa na shangazi ndani yake. Kapteni mwenyewe ni Mchaga wa Machame. Amefunzwa Soroti, Uganda, kwenye shule ya urubani iliyoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyokuja kuvunjika mwaka 1977. Kubeba abiria ameshastaafu. Kufundisha hajastaafu na sidhani kama atastaafu.

Mimi ni mtu wa Pangani, na nilikuwa na sababu yangu ya kutaka kuiona njia hii polepole. Mto unaomwaga maji yake baharini mbele ya mji wetu unatoka huku. Tangu utoto nimeuona ukiwa mpana, mzito, wa rangi ya udongo, una mikoko na vivuko. Mwanga tulikata kulia, tukaenda kuuona ukiwa bado bwawa.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale mito Kikuletwa na Ruvu inapokutana. Ukitoka kwenye joto na vumbi la tambarare lile, ukapita migunga na ng'ombe wa Wamasai, halafu ghafla maji yakatanda mbele yako, unaelewa kwa nini lilipewa jina kubwa hivyo. Kina mama walikuwa wamepanga perege wa kukaushwa juu ya vichanja. Tulinunua wabichi, tukakaangiwa papo hapo, tukala kwa vidole tukiwa tumesimama.

Kapteni hakuja kula samaki. Alitandaza ramani juu ya boneti. "Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hudanganyika," alisema. Mstari wa moja kwa moja kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, mpaka Same una urefu wa maili 55 hivi za baharini, kama kilomita 100, na unapita jirani kabisa na bwawa hili. Kwa mwanafunzi ni zawadi: maji makubwa peke yake katikati ya nchi kavu. Lakini ramani imelichora bwawa likiwa na umbo moja, na bwawa halina umbo moja. Mwaka wa mvua linajaa na kuingia kwenye mashamba, mwaka wa ukame linanywea, kingo zinarudi nyuma, na ghuba zilizochorwa zinageuka malisho. Mwanafunzi anayelinganisha ukingo anaouona na ukingo wa kwenye karatasi ataamini yuko pengine. "Shika ukuta wa bwawa," Kapteni alimwambia kijana. "Ukuta hauhami."

Nilimweleza kwamba kwetu wavuvi hufanya hivyohivyo kupata mwamba wa samaki: wanaangalia mpaka mnazi fulani ulingane na paa fulani nchi kavu, kisha alama nyingine mbili za upande wa pili zilingane pia, ndipo wanatupa nanga. Hakuna anayechukua wimbi kuwa alama. Kapteni alifurahi, akaniomba nimrudie hayo kijana polepole. Kijana aliandika.

Alama zisizohama huku ni chache na zinafahamika. Iko reli, ile ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Treni ya abiria ilikaa miaka mingi bila kupita, ikarudi mwishoni mwa 2019, lakini kwa rubani reli ilikuwa na kazi hata siku ambazo haikuwa na treni. Iko barabara kuu inayokwenda Tanga na Dar es Salaam. Na iko milima yenyewe, kwanza ya Kaskazini inayopita mita 2,000, kisha pengo, kisha ya Kusini yenye kilele cha Shengena, mita 2,462. Same imekaa mlangoni mwa pengo hilo.

Ndiyo maana Same kuna upepo. Anayepita na basi akashuka kununua maji stendi anaujua: unabeba mifuko, unapeperusha kanga, unajaza macho vumbi jekundu. Milima imeziba huku na huku, hewa inapenya katikati kwa nguvu. Kwa mtu wa chini ni usumbufu tu. Kwa rubani mwanafunzi ni somo zima.

Kapteni alilifundisha mezani, kwenye hoteli ndogo karibu na soko, tukisubiri makande. Ndege ya kufundishia inakwenda kama noti 100, yaani kilomita 185 kwa saa. Upepo wa noti 30 ukiipiga ubavuni, pua inaweza kuelekea Same na ndege isiende Same, kwa sababu inasukumwa pembeni zaidi ya nyuzi 16. Ipo kanuni ya kale ambayo marubani wote hufundishwa: ukikosea uzi mmoja, baada ya maili 60 umekuwa maili moja nje ya njia. Kutoka KIA hadi Same ni karibu maili hizo 60. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi, nyuzi tano ni kama maili tano. Kijana alishakokotoa kabla sentensi haijaisha. Nyuzi kumi kushoto, alisema, na sitafika Same kabisa, nitakutana na milima ya Usangi njiani.

"Kwa shangazi yangu," binti alimalizia. "Utakaribishwa."

Makande yakaja, mahindi na maharage yaliyoiva mpaka yakalegea, yamewekwa nazi kidogo ambayo mama mwenye hoteli alisema ni kwa heshima ya mgeni wa pwani. Wapare huwaambii kitu juu ya makande. Mama alimtazama Kapteni, akasikia lafudhi yake, akamgeukia binti. "Mwanangu, huyu Mchaga anawalipia chakula au anawaongoza tu?"

"Nalipa, mama," Kapteni alijibu. "Ila chenji sitadai. Kumdai Mpare chenji nitaishia mahakamani, na kesi ataiendesha mpaka Rufaa kwa shilingi mia mbili."

"Na mahakama iko hapo tu. Kula upate nguvu ya kusimama kizimbani."

Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi, na ningeweza kukaa pale mchana kutwa nikiwasikiliza. Kijana wa Temeke alidhani wanagombana kweli. Aliacha kijiko hewani.

Baada ya chakula Kapteni alitupeleka karibu na reli, akatoa mkobani redio ndogo ya upepo inayonasa masafa ya ndege, akatuambia tusikilize. Juu kabisa, tusikoweza kupaona, ndege kubwa ilikuwa inapita. Sauti ya rubani ilifika safi, akirudia maelekezo aliyopewa: kimo, mwelekeo, namba. Lakini aliyempa maelekezo hatukumsikia hata mara moja. Mazungumzo yalikuwa ya mtu mmoja. Kila rubani alipomaliza kulikuwa na kimya, kisha yeye tena. Kapteni hakueleza kitu. Alizima redio, akairudisha mkobani, akasema tupande mlima.

Tukiwa njiani alisimulia habari za anga hili. Mwaka 1916 wakati Waingereza wanawasukuma Wajerumani kushuka kufuata reli hii, ndege za Kikosi cha 26, chenye marubani wengi wa Afrika Kusini, ziliruka kutoka Mbuyuni, mashariki ya Taveta, kuwatafuta maadui vichakani. Walikuwa na dira na macho. Njia ya Dar es Salaam hadi Nairobi nayo inapita upande huu, na tarehe 18 Mei 1955 ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya DC-3, ikiwa safarini kwenda Nairobi, iligonga Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa. Kapteni huitaja tarehe hiyo kwa kila kundi la wanafunzi. Anasema vitabu vya urubani vimejaa ajali za Ulaya na Marekani, vijana wanazisoma kama hadithi. Mawenzi wanauona kila asubuhi wakipiga mswaki.

Barabara ya Mbaga inapitia Mwembe, kisha inaanza kupinda na kupanda, na nchi inabadilika kabla hujajiandaa. Chini ulikuwa na mikonge, mibuyu na udongo uliopasuka. Mizunguko michache tu, na pembeni kuna migomba, kahawa, mifereji inayonong'ona, watoto wamevaa masweta. Kwenye mteremko binti alituonyesha ndiva, bwawa dogo la udongo ambalo Wapare hulijenga kukinga maji ya chemchemi usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani kwa zamu. Zamu zina utaratibu, na utaratibu una wazee. Lilikuwa linang'aa juani. Kijana alilitafuta kwenye ramani yake. Halikuwemo. Nadhani alisikitika kidogo. Alikuwa ameanza kuipenda ile ramani.

Juu ya mgongo wa mlima, mahali ambapo upande wa magharibi uko wazi mpaka upeo wa macho, gari lilisimama. Kapteni akatoa redio tena. Tulisubiri tukipigwa na baridi. Ndege ikaita. Na safari hii ikajibiwa: sauti ya mwanamke, tulivu, kutoka KIA, umbali ambao tulikuwa tumeusafiri nusu siku. Alimpa rubani namba yake, akamwambia ametambuliwa kwenye rada, akampa mwelekeo. Mazungumzo yakawa ya watu wawili.

Tulipokwishateremka upande wa mashariki, Mbaga, redio iliwashwa mara ya tatu. Sauti ya KIA haikuwepo. Mlima wote ulikuwa katikati.

Hilo ndilo lilikuwa somo, na nakiri sijawahi kuona somo la fizikia likifundishwa kwa gari. Mawimbi ya redio za ndege na ya rada hayapindi kuzunguka mlima. Yanachokiona ni kile kilicho wazi mbele yake. Same chini tulimsikia rubani kwa sababu alikuwa juu sana. Mnara haukutufikia kwa sababu dunia yenyewe ni duara, na vilima na ardhi vilishaukinga. Mgongoni tulikuwa juu ya kutosha. Ng'ambo, Gonja, Ndungu, Kihurio, kote kule kati ya milima na Mkomazi, ndege ndogo ikiruka chini iko kivulini. Haipo kwenye kioo cha mwongoza ndege. Haijapotea, haina hitilafu, rubani wake pengine anapiga mluzi, lakini kwa rada ya KIA haipo.

Kuhusu rada kila Mtanzania ana lake la kusema, na usiku ule mwenyeji wetu Mbaga, mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa na la kwake. Tulikuwa tunakunywa chai ya tangawizi, ile kali ya Mamba Myamba inayokuna koo, kijana akieleza kwa furaha jinsi rada ilivyomtambua yule rubani.

"Rada?" Mwalimu aliuliza. "Rada mimi naijua. Ilitununulia vitabu."

Kijana hakuelewa, wakati wa mambo hayo alikuwa bado mdogo. Mwalimu akamweleza. Mwaka 2001 Serikali ilinunua rada kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Bei ilipigiwa kelele mpaka ndani ya baraza la mawaziri la Uingereza kwenyewe, uchunguzi ukaja, na mwaka 2010 kampuni ikakiri mahakamani kwao kosa la kutotunza sawasawa kumbukumbu za hesabu za biashara hiyo. Iliilipa Tanzania pauni milioni 29.5, na fedha zilipofika, mwaka 2012, zikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Nchi nzima iliziita chenji ya rada. "Kwa hiyo rada ile sijui iliona ndege ngapi," Mwalimu alisema, "ila watoto wangu iliwaona."

Kapteni alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaongeza habari ambayo vijana ndio wanaofaidi: mwaka 2017 uliwekwa mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kufunga rada nne za ndege za kiraia, Dar es Salaam, KIA, Mwanza na Songwe. Marubani wa rika lake walivuka kaskazini hii bila mtu wa chini kuwaona. Walikuwa wakitaja wenyewe walipo, na waliaminiwa.

Hapo akaanza kufundisha kwa ukali niliokuwa sijauona. Rada ya kwanza kabisa, alisema, hutuma wimbi na kungoja mwangwi. Inajua umbali na upande, haijui wewe ni nani wala uko juu kiasi gani. Rada ya pili huuliza, na kifaa cha ndani ya ndege, transponda, ndicho kinachojibu kwa kutaja namba na kimo. Namba ina tarakimu nne, na hakuna nane wala tisa ndani yake, hivyo zote kwa jumla ni 4,096. Tatu kati ya hizo mwanafunzi huzijua hata akiamshwa usingizini: 7500 umetekwa, 7600 redio imekufa, 7700 uko hatarini. Transponda ikizimwa au ikafa, rada ya pili haina wa kumuuliza.

"Sasa," alimgeukia binti, "mwongoza ndege amekwambia umetambuliwa. Unaruka kwa macho, hali ya hewa njema. Nani anayechunga usigonge Shengena?"

Binti alisita. "Yeye ananiona."

"Anakuona. Nani anachunga?"

"Mimi."

"Wewe. Kutambuliwa si kubebwa." Akaeleza kwamba ndege inayoruka kwa vyombo, ikielekezwa na rada, mwongoza ndege ana wajibu wa kuiweka juu ya kimo salama, anayeruka kwa kuona, mlima ni wake mwenyewe. Mwanafunzi akichanganya mambo hayo mawili, rada iliyowekwa kumsaidia inageuka usingizi.

Binti hakukubali kushindwa kirahisi. Alitoa kishikwambi chake, akafungua programu ya ramani ya anga, na Upare wote ukajitokeza kwa rangi: manjano palipo karibu, nyekundu palipo juu kuliko ndege. Shengena iliwaka kama kaa. Kapteni alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. Nilitegemea dharau. "Hii nzuri," alisema. "Wenzangu waliokufa wangekuwa na hii wangekuwa wazee leo." Kisha akauliza data zake zilisasishwa lini. Za urubani hubadilishwa kila baada ya siku 28. Zake zilikuwa zimepitwa na miezi.

Hapo mimi na Kapteni tunatofautiana kidogo na wakufunzi vijana, na kidogo sisi kwa sisi. Wao husema kufundisha sindano za redio na ramani za karatasi ni kupoteza saa za mwanafunzi ambazo ni ghali. Yeye husema kila chombo kina uongo wake na lazima mwanafunzi aujue. Sindano ya redio aliyojifunzia Soroti, ile inayoelekea kwenye mnara, ikikuta wingu la radi huacha mnara na kuelekea kwenye radi, mahali hasa ambapo hutakiwi kwenda. Kituo cha redio cha ardhini kiitwacho VOR hakina ugonjwa huo, lakini lazima usikilize herufi zake za Morse ujue ndicho chenyewe, na nyuma ya mlima nacho hunyamaza. Setelaiti hazijali mlima, ila zinaweza kuvurugwa. Marubani wanaopita Mashariki ya Kati na Baltiki miaka hii wanaona ramani zao zikiwaweka mahali wasipo. Mimi naona kishikwambi ndicho kitakachobaki na sindano itakwenda makumbusho. Hata hivyo nimeona namna kijana yule alivyoutazama mlima siku ya pili, baada ya kuusikia ukizima redio. Kishikwambi hakikumfundisha hilo.

Asubuhi tulitembea kwenye njia za miguu zinazozunguka kijiji. Ukungu ulikuwa bado umekaa mabondeni. Mzee mmoja mwenye jembe begani alitusimamisha, akaupokea mkono wa kila mmoja, akaanza: mnatoka wapi, mnakwenda wapi, mko wangapi, mmelala kwa nani, mtarudi lini. Kijana alijibu moja baada ya jingine kwa adabu. Mzee aliporidhika akatuelekeza njia ambayo haikuwa ile tuliyokuwa tumeifuata. Tulipokwenda hatua chache binti akamnong'oneza mwenzake, "Umeshatambuliwa."

Kapteni aliwasikia, akaitumia nafasi hiyohiyo. Mwanafunzi akipotea angani anafundishwa mambo manne kwa mpangilio: panda, ita, kiri, tii. Panda, kwa sababu ukiwa juu redio inafika na rada inakuona; hilo walishalisikia kwa masikio yao. Ita. Kisha kiri kwamba umepotea. Kisha fuata unachoambiwa. La tatu ndilo linaloua, alisema. Wanaopotea moja kwa moja si wale wasiojua. Ni wale wanaoona haya. Kijana wa kiume hasa, aliyelipiwa ada kwa shamba lililouzwa, ataizunguka mbuga mpaka mafuta yaishe kuliko kusema kwenye masafa yanayosikika na marubani wote kwamba hajui alipo.

Akamsimamisha kijana wa Temeke ukingoni, uso kwa bonde, akamwambia aseme. Lugha ya redio ni Kiingereza, na kijana alianza kwa Kiingereza kizuri cha kitabuni. Kapteni akamkatiza: kwa Kiswahili kwanza. Kiingereza mtu anaweza kujificha nyuma yake, kinatoka mdomoni bila kugusa moyo. Kijana alikohoa, akatazama chini, akajaribu kwa sauti ndogo, akaambiwa apaze.

"Nimepotea! Sijui nilipo! Naomba msaada!"

Bonde zima lilisikia. Wanawake waliokuwa wanapalilia chini waliinuka, na mmoja akapiga kelele kuuliza kama tunahitaji mtu wa kutuelekeza. Kijana alicheka kwa aibu, akarudia kwa Kiingereza, na hata mimi nisiyejua urubani niliona kilikuwa Kiingereza kingine.

Ukungu ulipopanda tuliona Mkomazi yote chini yetu, tambarare kavu yenye vilima vichache, ikikimbilia Tsavo upande wa Kenya bila kuta wala alama. Ilikuwa pori la akiba tangu 1951 kabla ya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Kwa miaka mingi kuanzia 1989 Mwingereza Tony Fitzjohn, aliyewahi kufanya kazi na George Adamson kule Kora, aliruka na ndege ndogo juu ya nchi hii akilinda faru na mbwa mwitu. Alifariki mwaka 2022. Kapteni aliwaonyesha wanafunzi eneo lake la kazi kwa kidole, upande mzima wa mlima ambao rada haiufikii. "Huyu alijua kila kilima kwa jina," alisema, na hakuongeza neno.

Tulirudi Same kwa njia ya chini, Kisiwani, tukiwa na mfuko wa tangawizi na mkungu wa ndizi ambao Mwalimu alikataa kulipwa. Wanafunzi walikaa nyuma pamoja na ramani magotini. Kapteni hakuuliza maswali tena. Wao ndio walikuwa wanaulizana.

Nchi yetu inahitaji marubani wake, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kimeanza kufundisha urubani nyumbani badala ya kila mzazi mwenye uwezo kupeleka mtoto Nairobi au Afrika Kusini. Basi nina ombi kwa wenye shule, za umma na za watu binafsi: mwekeni mwanafunzi mgongoni mwa mlima akiwa na redio ya mkononi kabla hamjamweka mbele ya kioo. Nauli ya basi kutoka Same hadi Mbaga haifikii gharama ya dakika kumi za ndege ya kufundishia.